Mbeleko Iliyokuja Peke Yake

Ngamiani, Tanga
Barabara ya kumi na mbili

Mama yangu, shikamoo.

Sasa hivi, kabla sijaandika hata hiyo shikamoo, mjukuu wako kaning'ata bega. Ana meno mawili, yote ya chini, na kwa kuwa ni mapya basi kila kitu lazima akijaribu. Nimepiga ukelele, kalamu ikaanguka, naye huko nyuma mgongoni akacheka mpaka kitumbo chake kikawa kinanigonga. Sasa katulia, anamung'unya pindo la nguo.

Najua, mama. Najua Dada Mize akisoma mpaka hapa wewe utamshika mkono umwambie, "Hebu rudi nyuma. Kasema mgongoni? Nani kamweka mgongoni?" Ndiyo habari yenyewe. Dada Mize, soma polepole, na mama asikukatize mpaka nimalize.

Sisi huku wazima. Bakari mzima, anashinda bandarini kwenye matishari akipakia robota za katani, jioni anarudi mabega yamechunika na bado ataka kumrusha mtoto juu. Saida mzima, ndiye huyo aliyening'ata. Wewe waendeleaje? Mguu waendeleaje? Nauliza mguu kwa sababu Mjomba Kombo nikimuuliza mguu ananijibu samaki. Nilimwambia, "Mjomba, mama yuaenda shamba siku hizi?" Akasema papa mwaka huu wamekuwa wengi sana Mkwaja. Basi nilikuwa nimeshajibiwa.

Mbeleko imefika, mama. Mjomba aliileta juzi ndani ya kikapu kimoja na ng'onda wa papa, ikanuka uani kote mpaka mwenye nyumba wetu, Bi Zuwena, akauliza, "Mamako kakuletea nguo au kitoweo?" Tukacheka. Nilipoingia chumbani nikaifunua, chini ya ile harufu ya ng'onda nikakuta harufu yako, ya moshi wa makumbi na mafuta ya nazi. Nikakaa nayo kitandani. Mjomba Kombo alisema uliagiza hivi: "Mwambie ambeleke mwenyewe." Basi hapo ndipo nilipojua. Wewe ulisema utakuja nayo wewe, mkononi mwako. Ikiwa nguo imepanda lori, ikavuka Pangani kwa pantoni, ikafika Tanga bila wewe, ni kwamba mguu umekataa. Sikulia sana. Nililia kidogo.

Sasa nina jambo nataka ruhusa yako, na ruhusa yenyewe sina nafasi ya kuingoja. Leo kuna mtu anaondoka hapa nyumbani, kaka yake anakuja kumchukua kwa gari la Moa. Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka dirishani ili niione barabara, na nikikaa chini Saida analia. Kama mwandiko umepinda mnisamehe.

Mtu huyo anaitwa Riziki. Ni Mdigo wa Moa, umri wangu au kanizidi kidogo, na chumba chake kinatazamana na changu. Tulipohamia hapa nilimkuta. Alikuwa na mume, fundi viatu. Na walikuwa wametoka kumzika mtoto wao, Mwanaidi, aliyekuwa ameshaanza kutambaa. Degedege, mama. Asubuhi alicheza, adhuhuri hayupo. Mimi wakati huo tumbo langu lilikuwa kubwa nikitegemea kuja kwako kujifungua, na unajua yalivyokuwa, mvua ya vuli ikakata njia na Saida hakungoja njia ikauke.

Huyu Riziki hakuwa mtu wa maneno. Lakini alikuwa na tabia moja ikinishangaza. Akisimama jikoni akikoroga chungu, mwili wake huyumba, huku na huku, taratibu, kama mtu anayebembeleza. Na mgongoni hana kitu. Nikadhani labda ndivyo wanavyopika Moa.

Alipozaliwa Saida watu wote wa nyumba walikuja kumwona ila yeye. Nikipita naye ukumbini, Riziki anageuza uso ukutani. Nikimwanika mtoto jua la asubuhi, yeye anainuka na sahani zake anaingia ndani. Nikasema moyoni, huyu ana kijicho, huyu wake kafa hataki wa mwenziwe. Basi nikampaka mtoto wanja kwenye paji, nikamfunga hirizi, na kila nikimwona Riziki namfunika Saida uso kwa upande wa kanga. Namfunika mbele ya macho yake, mama. Aone kwamba nimemjua.

Na mimi wakati huo nilikuwa nambeba mtoto mikononi, kwa kuwa uliniambia nikungoje. Huku hawaijui desturi yetu. Nilipowaeleza kwamba kwetu mtoto wa kwanza haendi mgongoni mpaka bibi yake mzaa mama amweke, tena kwa nguo iliyombeleka mama mtu, walinitazama kama niliyesema kwetu twala mawe. Nikienda bombani, debe kichwani, mkono mmoja debe mkono mmoja Saida, kuna mmoja pale mwenye mdomo mrefu alikuwa akiniona tu anapaza sauti:

"Jamani mpisheni! Sinia la biriani hilo lapita!"

Na mwenziwe anaitikia, "Mgongo wake wa harusi huo shoga, hautaki kukunjwa!"

Wanacheka. Mimi nami najidai kucheka, nikifika nyumbani mkono umekufa ganzi siwezi hata kukuna nazi. Kupika nilikuwa napika mtoto analia mkekani. Kufua analia. Nikimaliza kulia kwake naanza kwangu. Mama, sikuwahi kukuandikia haya kwa sababu ulikuwa na mguu wako. Lakini katika Ngamiani yote hii, pamoja na watu walivyojaa, hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kumwambia hebu nishikie.

Kisha yule fundi viatu akasema anakwenda Mombasa kutafuta ngozi. Ngozi haikuja, ikaja talaka. Aliileta mtu mgeni, akamsomea Riziki pale ukumbini, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Riziki akakaa eda humuhumu, Bi Zuwena akamwachia chumba. Hatoki nje, habari anazipata kwa kusikia vishindo vya barabarani. Nikaendelea kumfunika mtoto.

Mpaka siku moja ya masika. Uani pamefanya ukungu wa kijani, pateleza kama mafuta. Nimetoka bombani, debe kichwani, Saida mkononi, mguu ukaenda wake. Debe lilikwenda huku, mimi nikaangukia magoti, na mtoto, mama, mtoto alinitoka. Nakwambia alinitoka. Nilifumba macho.

Sikusikia kishindo. Nilipofumbua nikamwona Riziki kapiga magoti mbele yangu, povu la sabuni mpaka viwikoni, Saida yuko mikononi mwake. Alikuwa anaosha vyombo pale karibu. Na huyo Riziki akawa anasema, "Mchukue. Mchukue haraka, Mwanajuma, mchukue, nimemwangalia! Nimemwangalia usoni!"

Nikanyoosha mikono. Lakini Saida keshamwona mwenye kitu cha kung'aa. Kakishika kipini cha pua cha Riziki, kakikamata barabara, haachi. Nikimvuta mtoto, Riziki anakuja na pua yake. Nikimwachia, Riziki analia nimchukue. Bi Zuwena akatoka na pakacha lake, akasimama akatutazama, akasema:

"Lo! Ng'ombe kashikwa pua! Haya, mwampeleka mnadani au mwamchinja hapahapa?"

Riziki akacheka. Sijapata kumsikia akicheka. Akacheka pua imevutwa upande, machozi yanamtoka, na kile kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, kikubwa, cha tumboni, na mtoto bado kashika kipini. Sote watatu tukakaa pale majini.

Baadaye akaniambia. Alikuwa akigeuza uso kwa sababu watu walimwambia aliyefiwa na mtoto jicho lake halitulii, na yeye akaogopa nafsi yake. Kila nikipita alikuwa anasema kimoyomoyo, Mola, nisimwone. Mama, sote wawili tulikuwa twamficha Saida na kitu kimoja, jicho. Mimi nikiona yeye ni hasidi, na yeye ndiye aliyekuwa akimchunga kuliko mimi.

"Na wewe ulipokuwa ukimfunika," aliniambia, "nilikuwa nashukuru. Niliona ndiyo salama yake. Lakini nikiingia ndani iliniuma."

Tangu hapo sikumfunika tena.

Goti langu likavimba. Mkononi simwezi tena mtoto hata hatua mbili. Riziki akasema, "Mbeleke." Nikasema nangoja mama. Akasema, "Mamako aja lini?" Nikasema mguu ukipona.

Kesho yake akaja na kanga imekunjwa, nyekundu iliyoiva, yenye michoro ya korosho, imelainika kwa kufuliwa. Ndiyo iliyokuwa mbeleko ya Mwanaidi. Pisi moja tu, mama. Ya pili ndiyo iliyotandazwa juu ya mtoto alipochukuliwa kwenda kuzikwa.

Bi Zuwena alipoiona akanivuta mkono mpaka chooni. "Mwanangu, mimi simchukii yule. Lakini ile ni nguo ya msiba. Utamweka mtoto mzima ndani ya nguo ya maiti?"

Kumbe Riziki kasikia. Akasema palepale aliposimama, bila ukali, "Si ya maiti, Bi Zuwena. Ya maiti iliondoka na mwenyewe. Hii ilibaki kwa sababu ilikuwa mgongoni kwangu."

Nilimuuliza Bakari aliporudi, akasema, "Mambo ya migongo yenu mimi siyajui. Ninalolijua, tangu uumie goti nakuta nyumbani kumepikwa."

Asubuhi nikainama. Nilikuwa naogopa, si nguo, nilikuogopa wewe. Nikamwambia Riziki, hii nafasi ni ya mama. Akaniuliza, "Mama anaitwa nani?" Nikamwambia, Mwanaheri binti Mzee. Basi akamwinua Saida kwa mikono miwili, akapiga bismillahi, akasema kwa sauti, kama anayebisha hodi nyumbani kwa mtu: "Bi Mwanaheri, nakushikia nafasi yako. Si yangu. Siku ukifika, nakupisha." Ndipo akamlaza mgongoni kwangu.

Kwa hiyo ulikuwapo, mama. Ulitajwa mbele kabla mtoto hajanigusa.

Halafu akaanza kunifunza, maana kumbe sijui lolote. Nilikaza nguo kama nafunga mzigo wa kuni, akasema, "We, wamwua! Mwachie ashike mwenyewe, miguu yake ina akili." Akanionyesha kuipitisha kwapani, kuivuta, kuizungusha juu ya matiti na kuchomeka, kisha nijitikise kidogo mtoto ashuke akae mahali pake. Saida aliguna kidogo, akaweka shavu, akalala. Sijapata kuuhisi uzito kama ule. Ukiwa mkononi unachosha, ukiwa mgongoni unakuwa kama ni mwili wangu umeongezeka. Jasho lake likanilowesha. Nikasimama pale jikoni, na kabla sijajua nafanya nini nikaona nayumba, huku na huku, taratibu. Nikageuka, Riziki yuko pembeni yangu naye anayumba. Wawili, mtoto mmoja. Hapo nikaelewa kile nilichodhani ni mapishi ya Moa.

Tangu siku ile sikuwa peke yangu. Yeye haruhusiwi kutoka, basi mimi nikawa macho yake. Naleta habari za bombani, nani kamtukana nani, naye anazisikiliza huku anachambua mchele, ananirekebisha majibu niliyopaswa kujibu. Siku moja yule mwenye mdomo mrefu akaanza, "Lo, sinia leo liko nyuma!" nami nikamjibu kama nilivyofunzwa, "Nimelihamisha bibi, mbele palikuwa pana nzi." Bomba zima likacheka, hata yeye mwenyewe, na akanitwisha debe. Niliporudi kumwambia Riziki alipiga vigelegele. Eda yake bado, Bi Zuwena akamkaripia, akaviendeleza kwa chini.

Akampenda Saida hivi: alimchukua mgongoni mwake siku moja tu. Nilimwomba mara nyingi, akawa akikataa. Siku aliyomaliza eda akasema haya. Akazunguka naye uani mara moja, mkono mmoja nyuma unamshika makalio, macho kayafumba. Akanirudishia. Akasema inatosha, zaidi ya hapo hatoweza kuondoka kurudi kwao Moa.

Ndivyo mbeleko yako ilivyotukuta. Juzi nilipokuwa nimekaa nayo kitandani, Riziki aliingia, akaiona, akaijua bila kuambiwa. Akaja nyuma yangu akaanza kuifungua ile ya korosho. Nikamuuliza, wafanya nini? Akasema, "Mwenye nafasi kafika. Si nilimwahidi?" Nikamwambia, hakufika, shoga yangu. Imekuja nguo peke yake. Basi akaketi chini akanilalia magotini kama ndiye aliyefiwa, na tulikuwa kama tumefiwa wote, mimi na mama bado ninaye, alhamdulillahi.

Asubuhi ya leo kaja na uamuzi. Ile ya korosho ataiacha kwa Saida. Anasema mtoto keshazoea kumung'unya pindo lake, na yeye akienda nayo Moa wataifungia sandukuni, na nguo ya kubelekea ikifungiwa inakuwa msiba kweli. Nimemkatalia, hanisikii. Kafunga mzigo wake, kijifurushi kidogo hata Saida angekibeba. Na sasa hivi naandika namwona pale mlangoni kasimama akimngoja kaka yake. Anayumba, mama. Mikono mitupu, mgongo mtupu, anakwenda huku na huku.

Basi haya ndiyo ninayoyataka. Nataka nimpe yako.

Najua ni nini ninachosema. Ni nguo iliyonibeleka mimi na Dada Mize. Najua tangu mtoto wa Dada Mize umeitunza kwa ajili ya siku yangu, na siku yenyewe umenyimwa, na mimi sasa nataka nguo yenyewe iende kwa mtu usiyemjua. Hata mimi sijaishiba. Jana nililala nayo usoni. Lakini Saida ana mgongo wangu, na ana ya korosho. Mwenzangu hana. Bado kijana, Mungu akipenda ataolewa, atazaa, na siku hiyo asianze na nguo ya kuomboleza wala ya dukani isiyomjua mtu. Aanze na iliyokwisha kulea watoto wakaishi. Moa iko kaskazini huko, wewe uko kusini, mimi niko katikati yenu, kila mmoja simfikii. Nikimpa, nitaona kama mmeshikana.

Kama utakasirika, kasirika kwanza kisha unisamehe. Bakari kaniahidi kiangazi nitakuja. Utamweka Saida mgongoni mwangu wewe mwenyewe, hata ukiwa umekaa kitandani na mguu wako, mimi nitapiga magoti. Na kama atakuwa ameshakua miguu yaburura chini, utamweka vivyo hivyo. Nafasi yako bado imeshikwa.

Nisalimie baba, mwambie aache kukaa kwenye umande. Nisalimie shangazi aliyenifunga kibwebwe siku ya harusi, na bibi mkunga ambaye alitaka kumpokea Saida akakosa, mwambie wa pili ni wake inshallah. Dada Mize, watoto wako wote nawabusu, na wewe ahsante kwa sauti yako. Bakari anawaamkia. Nitaje jina langu hapahapa, maana wakifika sitopata nafasi: ni mimi mwanao, Mwanajuma.

Naona vumbi kule pembeni. Sijui kama ndiyo gari la Moa au la maji. Saida kaamka. Bi Zuwena yuaita, "Mama Saida! Mama Saida we! Watu wa Moa hao, dereva kasema hangoji mtu!" Na Riziki kageuka aangalia dirishani huku, amtafuta mtoto amuage. Mbeleko yako ninayo kwapani, mama, nimeshaikunja. Nikitoka nitamwambia, Riziki, pokea, mama yangu amekupa—